Mirunda Isigongwe

Ninalo daftari kuukuu, la jalada gumu, lile tuliloliita kaunta buku. Mgongo wake umebanduka na kurasa za mwanzo zimetobolewa na wadudu. Watoto wangu wamekwisha kulitupa mara mbili, na mara zote mbili nimelifuata jalalani nikalirudisha. Ndani yake hamna hesabu ya fedha wala anwani za watu. Mna maneno tu, maneno ya watu wa ujenzi, niliyoanza kuyakusanya mwaka 1991 nilipokuwa karani wa bohari katika kampuni moja ya ukandarasi jijini Dar es Salaam. Neno la kwanza nimelipigia mistari miwili kwa wino mwekundu, na ndilo linalonifanya niandike haya. Lakini kabla ya kulifikia, ndugu msomaji, niruhusu nikutembeze kidogo kiwanjani.

Kiwanja kilikuwa Kariakoo. Tulikuwa tunajenga jengo la biashara la ghorofa mbili, maduka chini na ofisi juu, mwendo mfupi tu kutoka lile soko alilolisanifu Beda Amuli, lenye paa la miavuli ya zege. Kariakoo yenyewe, kama wengi wajuavyo, ni Kiingereza kilichotafunwa na vinywa vyetu mpaka kikawa chetu. Palikuwa na kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nilipita hapo kila asubuhi nikiwa na kalamu mfukoni, wala sikuwahi kufikiri kwamba jina la mahali lingeweza kunionya jambo.

Niliingia kazini na cheti cha kidato cha nne na majivuno ya Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kupokea vifaa na kuvitoa, kuandika siku za vibarua, na, kwa kuwa Injinia alizoea kuandika maagizo yake kwa Kiingereza, kuyageuza Kiswahili ili mafundi wayasome. Kazi hii ya mwisho haikuwamo katika barua yangu ya ajira. Niliichukua mwenyewe kwa sababu ilinipa heshima. Fundi mwenye mvi anapokuja dirishani na kukuuliza, "Karani, hapa wamesemaje?", nawe una miaka ishirini na miwili tu, kichwa huvimba.

Siku yangu ya kwanza mnyapara alinijia mbio akitaka mwiko, timazi, pimamaji na biskuti mia mbili. Mwiko niliujua wa kusongea ugali. Niliujua pia ule wa kukataza, kwamba jambo fulani ni mwiko. Huu wa tatu, wa chuma, wa kutandazia udongo wa saruji juu ya tofali, sikuwa nimeusikia. Timazi niliipata kwa kuuliza: kipande cha chuma kwenye uzi, kinachokuambia kama ukuta umesimama wima au unadanganya. Lakini biskuti zilinishinda. Niliandika hati ya manunuzi ya biskuti mia mbili, nikaipeleka ofisi kuu, na mhasibu akairudisha na swali kwa wino mwekundu, eti tangu lini kampuni inalisha wafanyakazi chai na biskuti. Ndipo mnyapara akanishika mkono akanionyesha. Biskuti ni vipande vidogo vya zege, mraba, kiasi cha inchi moja unene, ambavyo huwekwa chini ya nondo ili zisilalie ubao, zege lipate kuzizunguka pande zote. Nondo isipofunikwa vizuri huota kutu, na kutu huvimba, na ikivimba hulipasua zege kutoka ndani. Kumbe biskuti hulinda jengo zima.

Walicheka juma zima. Nami nilicheka, ila moyoni niliona aibu, na badala ya kujifunza kuuliza, nilijifunza kutoonekana sijui.

Na maneno yalikuwa mengi! Nondo, ambayo nyumbani ni mdudu anayezunguka taa usiku, pale ilikuwa chuma cha kutia ndani ya zege. Jamvi, ambalo kwetu hutandikiwa wageni, lilikuwa zege la sakafu ya chini. Safu moja ya matofali iliitwa kozi, na zege linalozunguka kuta zote na kuzifunga pamoja juu ya milango na madirisha liliitwa mkanda, jina ambalo naliona zuri kuliko lolote la Kiingereza. Vyuma vidogo vinavyozungushiwa nondo za nguzo ni ringi. Wazee wa kiwanja walisema "zege hailali", maana likishachanganywa halingoji kesho: mtamwaga mpaka usiku, mvua inyeshe au isinyeshe. Mwalimu wangu wa Kiswahili angesahihisha, "zege halilali". Sawa, lakini hakuna aliyewahi kumaliza kumwaga slabu saa sita ya usiku akasema halilali.

Neno kibarua nalo lilinigusa kwa namna yake. Ni barua ndogo tu. Zamani mtu wa kutwa alipewa kikaratasi au kadi, siku zake zikawekewa alama humo mpaka zitimie, kisha ndipo alipwe. Jina la karatasi likahamia kwa mtu aliyeishika. Mimi ndiye niliyekuwa nikiweka alama hizo sasa, katika daftari, kila saa moja ya asubuhi, na ningeweza kwa kuteleza kwa kalamu kumnyima mtu chakula cha siku.

Mkuu wa maseremala alikuwa mzee wa Rufiji. Ndiye aliyesimamia mbao zote za boksi na mirunda yote, yaani zile nguzo za miti zinazolishikilia zege mpaka likomae. Alianza kazi akiwa mtoto katika ukataji wa mikoko ya delta. Alinieleza kwamba boriti, kwake yeye, ni mti wa mkoko na si kitu kingine chochote, na kwamba miti hiyo ilisafirishwa kwa majahazi hadi Unguja na mbele zaidi, mpaka Uarabuni na Ghuba. Vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti haikuweza kuvuka zaidi ya hapo bila kulegea. "Nyumba ilifuata mti," aliniambia, "sasa mti unafuata karatasi." Kiswahili alikisoma vizuri, polepole, akitikisa midomo. Kiingereza hakukijua. Aliniita mwanangu, nami kila asubuhi nilimpa shikamoo yake kabla ya mtu mwingine.

Mbele ya jengo, juu ya milango ya maduka, palikuwa na bamba la zege lililotokeza nje kama kofia ya kukinga jua na mvua. Sisi tuliliita kenopi. Halikuwa na nguzo mbele. Lilishikwa upande mmoja tu, na ukuta wa jengo. Lilimwagwa siku ya Jumatatu, na Jumanne Injinia akaandika katika kitabu cha maagizo, kwa Kiingereza, sentensi moja fupi: mirunda ya kenopi isifanyiwe "strike" kabla ya siku 28.

Neno "strike" nililijua, au nilidhani nalijua. Shuleni lilikuwa kupiga. Kwenye redio lilikuwa mgomo. Nakumbuka nilitabasamu peke yangu nikiiwazia mirunda ikigoma, ikidai nyongeza ya mshahara. Nikaamua ni kupiga. Injinia alikuwa ofisini kwake, hatua thelathini kutoka dirishani kwangu, akinywa chai. Sikuinuka. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikapiga muhuri wa bohari ili ipendeze: MIRUNDA YA KENOPI ISIGONGWE KABLA YA SIKU 28.

Mzee akaisoma mara mbili. Akasema, "Isigongwe. Sawa kabisa, mwanangu. Zege changa ni kama mtoto mchanga, halitaki mtikiso." Akaikunja akaitia mfukoni. Nilifurahi, kwa kuwa tafsiri yangu ilikuwa imekubaliwa na mtu mwenye miaka arobaini ya kazi.

Katika Kiingereza cha ujenzi, kama nilivyokuja kujua, neno lile maana yake ni kuondoa: kuiondoa mirunda na kuzifungua boksi, zege libaki peke yake. Mtu akiwa amezaliwa katika lugha ile na katika kazi ile hata hafikiri. Sisi wengine tulipaswa kuuliza.

Siku ya tisa mirunda ilipungua. Slabu ya nyuma ilikuwa inangoja, mnyapara anafoka, na lori la mirunda mipya lilikuwa limeharibika njiani. Macho yote yakageukia ile ya kenopi. Mzee akatoa karatasi yangu akaisoma tena mbele yao. Haikusema isitolewe. Ilisema isigongwe. Kwa kawaida mirunda hulegezwa kwa kuzigonga kabari zilizo chini yake. Basi yeye, kwa uaminifu wake wote, akawakataza vijana wasiguse nyundo. Akawaamuru wachimbe udongo taratibu, kwa mikono na kwa beleshi, chini ya vibao vilivyoikalia, hata mirunda ikalegea yenyewe bila kugongwa hata moja. Nilikuwa dirishani. Niliwaona wakichimba. Nilidhani wanasawazisha njia ya maji.

Waashi walikuwa wamepanga matofali ya ukuta wa juu pale juu ya kenopi, kama mia hivi. Saa kumi na nusu alasiri nikasikia mlio ambao mpaka leo sijapata neno lake, hata katika daftari langu. Haukuwa mlio wa kuvunjika. Ulikuwa kama mtu anayekata kitambaa kizito. Kenopi ikainamisha kichwa, ikasita kidogo, kisha ikashuka yote. Kijana mmoja saidia fundi alikuwa chini akikusanya mirunda. Alipata kuruka, lakini mguu wa kushoto ulibaki nyuma.

Hakufa, namshukuru Mungu. Mguu ulivunjika mahali pawili.

Kesho yake tukakusanywa. Walikuwapo mkurugenzi, Injinia, mnyapara, mzee, nami nikiwa na vitabu vyangu. Mkurugenzi akauliza nani aliyetoa amri ya kuondoa mirunda. Mzee akasema ni yeye. Akaulizwa kama hakupata agizo. Akasema alilipata, na akalifuata. "Karatasi ilisema isigongwe. Hatukugonga." Watu wawili watatu wakacheka, wakidhani mzee anafanya ujeuri. Mkurugenzi alikasirika sana. Akamwambia achukue chake aende.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake. Wakati ule ule, aliposema "hatukugonga", nililiona kosa lote kwa ukamilifu, kama mtu anavyoiona hesabu aliyoikosea baada ya kengele kulia. Niliweza kusema. Palikuwa na ukimya wa kutosha. Nikainamisha kichwa nikawa napekua kitabu cha saruji, ingawa hakuna aliyeniuliza habari za saruji. Mzee hakunitazama. Niliandika malipo yake ya siku nne za juma lile, akatia sahihi, akaniambia, "Haya mwanangu, kazi njema."

Lazima niseme yote. Mafundi walipovunja kifusi, Injinia alituita akatuonyesha jambo. Zege, alieleza, lina nguvu sana likibanwa na lina nguvu kidogo mno likivutwa, ndiyo maana hutiwa nondo upande unaovutwa. Boriti iliyokaa juu ya nguzo mbili huvutwa upande wa chini, lakini bamba linalotokeza kama kenopi huvutwa upande wa juu, pale linapoungana na jengo. Nondo zake kubwa zapasa kuwa juu. Zetu zilikuwa zimekanyagwa na wabeba makarai siku ya kumwaga, zikazama karibu katikati. Zege la siku tisa halijafikia nguvu yake. Hata siku ya saba huwa na kama theluthi mbili tu ya ile ya siku ya 28. Juu yake matofali mia. Kwa hiyo makosa yalikuwa mengi, na wenye makosa walikuwa wengi. Mnyapara alijifariji kwa hilo, nami nilijaribu. Lakini kati ya makosa yote ni moja tu lililokuwa na mwandiko wangu na muhuri wangu, na ndilo lililomfukuzisha mtu asiyekosea.

Nilimwendea Injinia baada ya majuma mawili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kwa nini hukuniuliza?" Nikamjibu kwamba nilidhani nalijua. Alikwenda kwa mkurugenzi, nadhani kwa moyo mwema, akarudi na jibu kwamba nafasi ya mzee imekwisha kujazwa. Tangu siku hiyo Injinia hakutoa agizo bila mchoro, na alimtaka fundi alieleze agizo kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kuondoka. Nami nikanunua kaunta buku.

Daftari lilijaa haraka. Niligundua kwamba si mafundi tu waliokwama katika maneno. Setifiketi kwa fundi ni cheti cha shule au cha chuo. Kwa mkandarasi ni hati ya mshauri inayothibitisha kazi iliyofanyika ili mwenye jengo alipe. Mafundi waliposikia "setifiketi haijatoka", wengine walidhani kampuni haijasajiliwa. Retensheni, ile sehemu ya malipo inayozuiliwa, kwa kawaida asilimia tano au kumi, mpaka muda wa kurekebisha kasoro upite, wao waliiita pesa iliyoliwa, na sikuwa na ujasiri wa kuwaambia kila mara kwamba si kweli. Baraza la Kiswahili na wataalamu wametupa maneno mazuri: mkandarasi, msanifu majengo, mkadiriaji majenzi. Hayo nayakubali na kuyapenda. Lakini sikumsikia fundi hata mmoja akimwita mtu mkadiriaji majenzi. Walimwita kyuesi, naye aliitika.

Mpwa wangu sasa anajenga fremu za maduka Mbagala, na mwaka jana aliniletea mkataba wake, kurasa arobaini za Kiingereza. "Mjomba, nisomee, wewe ulikuwa mtu wa ujenzi." Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama zetu, lakini karatasi za ujenzi ninazoletewa bado zinakuja vile vile. Tulikaa siku tatu. Tulipolifikia lile neno, nilisimama nikaenda kunywa maji.

Jengo linapoporomoka, kama lile la ghorofa 16 la Mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013, ambalo liliua watu 36, au lile la Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, mimi hukaa karibu na redio. Wenye ujuzi huzungumza juu ya nondo, zege na vibali, na sisemi hata kidogo kwamba neno ndilo lililoyaangusha. Nasema tu kwamba nikisikiliza, huwa nawaza kuhusu karani.

Nilimfuata mzee Rufiji mwaka 1993. Ilinichukua miaka miwili kupata ujasiri, na siku mbili kupata nyumba yake. Nilimkuta chini ya mwembe akirekebisha mlango. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yote, neno lilikuwa nini na maana yake nini. Aliendelea kupiga randa mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Mimi nilisoma ulichoandika. Ungeandika isitolewe, nisingetoa." Hakusema kwa hasira. Akaita wajukuu waniletee dafu. Nilipokuwa nakunywa akaniuliza, "Na yule kijana, mguu wake umepona?"

Sikujua. Katika miaka miwili sikuwa nimekwenda kumtazama hata mara moja.

Nilimtafuta niliporudi mjini. Alikuwa Buguruni, amekaa kwenye benchi nje ya duka la vifaa vya ujenzi, akikunja ringi, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa ameketi. Mguu ulikuwa umepinda kidogo chini ya goti. Nilianza kujitambulisha, akanikata kauli. "Nakufahamu, karani." Nikaanza kumweleza habari za neno. Akanikata tena. Alisema mzee alikuwa akija hospitali kila siku mpaka nauli ikamwishia, na siku moja alimwonyesha ile karatasi yangu yenye muhuri. "Aliniambia nisikulaumu," alisema. "Aliniambia wewe bado ulikuwa mtoto wa shule." Kisha akaomba nimsogezee waya wa kufungia, kwa kuwa ulikuwa mbali na benchi, nami nikamsogezea.